Sentensi Kumi za Kuchukia

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika neno HATE kwa chaki kwenye mlango wa lori, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, kisha akatuambia tulitamke wote kwa pamoja. Mlango wa lori ndio uliokuwa ubao wetu. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi na kuegemezwa ukutani, nyuma ya gereji moja ya Buyenzi, Bujumbura, na sisi tulikaa mbele yake juu ya viti vilivyong'olewa kwenye magari. Mimi nilikuwa na bahati: changu kilikuwa kiti cha dereva wa teksi, na ukivuta kichuma chake bado kilirudi nyuma vizuri.

"Ate," tukasema, watu kumi na mmoja.

"Apana," akasema mwalimu. "Ate ni nilikula. Mi nataka hate. Nachukia. Mukikosa ile h, adui yenu anakuwa chakula."

Mwalimu alikuwa Mkongomani wa Uvira. Vita vya kwao vilimfukuza, akaja kujificha ndani ya vita vyetu. "Nimehama nyumba, sijahama mutaa," alizoea kusema. Alikuwa na koti moja tu, la rangi ya majani makavu, na alilivaa hata siku zile ambazo bati la gereji lilikuwa linapasuka kwa joto.

Tukajaribu tena. Ate. Ate. Ate. Watu wa Bujumbura hata kukataa tunakataa kwa "apana", kwa hiyo h hatukuwa nayo ya kutumia hovyo. Kifaransa nacho, ambacho tulichapwa viboko shuleni ili tukijue, kinaiandika h halafu kinajifanya hakijaiona. Mtu mmoja tu darasani alilitamka neno lile sawasawa mara ya kwanza, naye ni fundi mwenye gereji, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye hakumaliza shule ya msingi. Alikuwa amesoma Kurani tangu utotoni, na madrasa ilimpa h za kila aina: ya kifuani, ya kooni, na ya pumzi tupu. Mwalimu alimsikiliza akakaribia kupiga magoti.

"Mzee, umetoa wapi h kama hiyo?"

"Kwa Mungu," akajibu fundi. "Nyinyi endeleeni na Kifaransa chenu."

Fundi ndiye aliyeleta dawa. Alikwenda rafuni akarudi na kioo cha pembeni cha gari, akakipangusa kwa kanzu yake, akasema kila mtu akiweke mbele ya mdomo na kulisema neno. Kioo kikipata ukungu, h imetoka. Kikibaki safi, umesema umekula. Kioo kikazunguka. Tulikipumulia kama watu wanaomfufua ndege. Ilipofika zamu yangu kilipata ukungu kidogo, kama wa sarafu, na darasa zima likanipigia makofi.

Nilikuwa pale kwa sababu ya njaa ya kazi. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mizigo karibu na bandari, lakini nchi jirani zilitufungia mipaka na mizigo ikaacha kuja, na ofisi ya mizigo isiyo na mizigo haihitaji mpiga chapa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mipaka ilipofungwa alikuwa upande wa Tanzania, Kigoma, na akabaki huko huko akililinda lori la tajiri wake. Ndivyo nilivyoambiwa. Nyumbani Buyenzi nilikuwa na watoto wawili na mama mkwe, aliyekimbia mtaa wa Kamenge siku nyumba yake ilipochomwa, akaja kwetu na rozari, sufuria mbili na redio.

Kazi zilizobaki mjini zilikuwa za mashirika ya amani. Kadiri vita vilivyokolea ndivyo mashirika ya amani yalivyochipuka kule mtaa wa Kinindo, kila moja na jumba lake, ukuta wake, na gari jeupe lenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki. Yote yalitaka mtu anayejua Kiingereza. Ndiyo maana kila Jumatano na Ijumaa saa tisa mchana nilikuwa kwenye kiti changu cha teksi.

Siku ile ya neno hate, baada ya kioo kuzunguka, yule mwanafunzi tuliyemwita bwana wa Ngagara aliinua mkono. Alikuwa karani wa wizara moja, mtu wa tai na viatu vilivyopigwa kiwi, na alitembea kwa miguu kutoka Ngagara kuja darasani.

"Mwalimu, mi nikisema kwa Kiswahili nimechukia, nataka kusema nimekasirika. Nakunywa maji, nalala, asubuhi imeisha. Hii hate inaisha saa ngapi?"

"Hii haiishi," akasema mwalimu. "Ndiyo kazi yake."

 Kila mtu aliyekaa pale alikuwa na mtu wake wa kumtia kwenye sentensi ile, na kila mtu alijua kwamba jirani yake wa kiti cha pili pengine anamtia yeye au ndugu yake. Mwalimu aliliona. Alikohoa, akaweka sheria.

"Kazi ya nyumbani. Sentensi kumi za maisha ya kila siku zenye neno hate. Lakini batu apana. Hakuna kuchukia mutu. Chukieni vitu."

Ijumaa tukaleta sentensi. Darasa zima lilichukia kabichi. Nasema kweli, daftari tisa kati ya kumi zilianza na kabichi. Hakuna aliyekuwa tayari kuandika kwa mkono wake, kwenye daftari lenye jina lake, kitu anachokichukia kweli, katika mji ambao askari anafungua mkoba wako kila njia panda. Kabichi haina ndugu. Baada ya kabichi tulichukia mvua, Jumatatu, na mbu. Fundi peke yake ndiye aliyevunja sheria. Aliandika kwamba anamchukia mtu anayeleta gari limekufa kisha anasema jana lilikuwa zima.

"Mzee, nilisema batu apana," akasema mwalimu.

"Huyo si mtu. Huyo ni mteja."

Mwalimu akampa alama zote.

Bwana wa Ngagara hakuja Ijumaa ile. Alikuja Jumatano iliyofuata, amechelewa, vumbi hadi magotini, na alipoulizwa sababu alikaa kwanza, akalegeza tai, kisha akatusimulia.

Ijumaa ile alikuwa anakuja darasani na daftari lake kwenye mkoba. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana, mrefu, alimsimamisha, akaufungua mkoba, akalitoa daftari. Akasoma polepole kwa kidole.

"Hii hate ni nini? Imeandikwa mara kumi."

Bwana wa Ngagara alisema kwamba wakati ule bunduki ilikuwa inamtazama kitovuni, na neno chuki halikutaka kabisa kupita mdomoni mwake. Akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Ni kupenda, chef, mkubwa wangu. Ni Kiingereza cha kupenda."

"Unapenda kabichi?"

"Sana, chef."

"Na mvua?"

"Mvua pia."

"Na mbu?"

"Mbu... ni viumbe vya Mungu, chef."

Askari alilifunga daftari. "We uko mutu muzuri sana," akasema. Kisha akafanya kitu ambacho bwana wa Ngagara hakukitarajia. Alitoa mfukoni pakiti tupu ya sigara, akaipasua, akampa ile karatasi na kalamu. Kulikuwa na msichana Kinindo, mfanyakazi wa nyumba ya wazungu. Alitaka kumwandikia kitu cha Kiingereza, ili ajue kwamba askari naye si mtu wa porini.

"Ukaandika?" tukauliza kwa pamoja.

"Ningefanya nini?"

"Uliandika nini?"

Akatazama ubao. "I hate you, my darling, with all my heart."

Sijui nani alianza. Najua tu kwamba fundi aliangukia ndoo ya oili kwa kucheka, na mimi nililia hadi nikapata kwikwi. Bwana wa Ngagara hakucheka. Siku hiyo alikuwa amezunguka mji mzima kuja darasani ili asipite kizuizi kile, ndiyo maana ya vumbi. Mwalimu alipangusa macho kwa mkono wa koti, akasimama wima, akasema, "Sarufi ni sahihi."

Nyumbani mimi nilikuwa naendelea na kioo. Nilikuwa na kile kidogo cha poda, na kila asubuhi, maharage yakiwa jikoni, nilikiweka mbele ya mdomo. Hate. House. Husband. Happy. H yangu ilikuwa imeamka, na ikishaamka haikutaka kulala. Nilianza kuiweka kila mahali. Egg ikawa hegg, arm ikawa harm, na hour ikapata h mbili. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka na rozari yake akinitazama.

"We mukazi wa mutoto wangu, unapulizia kioo mashetani?"

"Ni Kiingereza, mama."

"Kiingereza kinatoka na upepo mwingi hivyo? Ndiyo maana wazungu wamekonda."

Sitajifanya kwamba tulikuwa tunapendana. Tuliishi kama watu wawili waliokaa kiti kimoja kwenye safari ndefu. Redio yake iliwaka alfajiri na kuzimwa betri zikifa. Chumvi yangu haikumtosha, usingizi wangu ulikuwa mrefu, watoto wangu walikuwa na masikio ya upande wangu. Kila nilipotaja mume wangu alikazana na rozari na midomo ikaenda mbio, nami nilidhani ananisemea kwa Bikira Maria. Lakini tulikula pamoja. Watoto kwanza, kisha mimi na yeye kutoka sahani moja, hata siku tulizonuniana. Sahani zilikuwa chache.

Basi nikaitwa Kinindo. Shirika moja la amani lilikuwa linatafuta karani, na mwalimu alikuwa amepeleka karatasi zangu kwa mkono wake. Nilivaa gauni la kuazima, la harusi ya dada yangu. Jumba lilikuwa na majani ya kijani yaliyokatwa kama nywele za askari, na ndani kulikuwa baridi kama kwenye friji ya samaki. Mwanamke wa kizungu, mnene, mwenye macho ya huruma, akanikaribisha kwa Kiingereza na kunisogezea sahani ya biskuti.

Nilikuwa nimekula nyumbani, na kwetu mtu mwenye adabu hajitupi juu ya biskuti za watu. Nikataka kusema asante, nimeshakula. Nikavuta pumzi, nikaikumbuka h, na nikaitoa yote.

"No, thank you. I hate."

Akashtuka kidogo. "You hate biscuits?"

"No, no. I hate in the house. This morning. With my mother-in-law."

Akaweka kalamu juu ya karatasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama daktari, kama hali hiyo hutokea mara nyingi. Nikafurahi kuona mzungu anajali kama watu wanakula.

"Every morning! We hate together. The children hate first, and after, me and my mother-in-law, we hate very much."

Nikaona macho yake yanalowa. Nikajisemea, kumbe hata kwao wanajua shida ya chakula. Aliuliza kama na majirani nao. Nikamwambia ukweli, kwamba jirani akija tukiwa mezani hatumfukuzi, we hate with the neighbour also, ndiyo desturi yetu. Aliandika ukurasa mzima. Mwishoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa ujasiri wangu, na akaniomba Jumamosi saa nne nirudi pamoja na mama mkwe. Gari lingekuja kutuchukua, na kungekuwa na nyama na fanta.

Nilitembea kutoka Kinindo hadi Buyenzi bila kuhisi miguu. Nilidhani wazungu wanataka kuiona familia kabla ya kuajiri. Mwalimu alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, lakini hakutaka kunivunja moyo. Mama mkwe hakutaka kwenda, hadi aliposikia habari ya gari jeupe, nyama na fanta. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, nami nikarudia lile gauni la kuazima.

Tulikuta watu kama kumi na watano wamekaa kwenye viti vya plastiki, kwa duara, bustanini. Hakuna aliyekuwa na karatasi za kuomba kazi. Kulikuwa na mzee mwenye kovu la panga shavuni, na wanawake wawili waliokaa bila kutazamana. Moyo wangu ukaanza kuniambia kitu. Yule mzungu akasimama, akaongea, na kijana mwenye miwani akatafsiri kwa Kiswahili.

"Anasema karibuni. Anasema hapa ni mahali pa watu wenye chuki mioyoni, ambao wanataka kuitoa. Anasema leo wataanza wale wenye nguvu zaidi." Mzungu akatugeukia sisi. Kijana akamgeukia mama mkwe. "Mama, mukazi wa mutoto wako amesema anakuchukia. Kila asubuhi. Anasema watoto ndio wanaanza kuchukia, halafu na yeye."

Nilielewa papo hapo. Niliruka kutoka kwenye kiti. "Apana! Kula! Nilitaka kusema kula!"

Mama mkwe hakunisikia. Alikuwa amemkazia kijana macho. "Hata watoto?"

"Hata watoto, mama."

Akainamisha kichwa. Vidole vilitafuta rozari, vikaipata, vikaiacha.

"Kwa hiyo anajua," akasema. "Nani alimwambia?"

Nilikuwa bado nimesimama, mdomo wazi, natafuta jinsi ya kueleza h ya Kiingereza kwa mtu aliyezaliwa Kamenge. "Nani aliniambia nini, mama?"

"Habari ya Kigoma."

Hapo nikakaa.

Alisema akitazama majani, si mimi. Ilikuwa imepita karibu mwaka. Mtu mmoja wa mashua alikuwa amekuja na salamu kutoka Kigoma na kunikosa, akamkuta yeye. Mwanawe hakuwa analinda lori. Lori lilikuwa limeshauzwa. Alikuwa amepanga nyumba na mwanamke wa huko, muuza vitumbua, na mwanamke alikuwa na mimba. Alituma neno kwamba mama atafute namna ya kuniambia polepole.

"Polepole gani?" akasema mama mkwe, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Kumwambia ni kunyanyua sufuria zangu na kutoka. Mimi si mama yake. Mutoto wangu akimuacha, mi niko nani kwa ile nyumba? Nirudi Kamenge nilale kwenye majivu? Nikanyamaza. Kila asubuhi nakula chakula yake na kunyamaza. Acha anichukie. Hata mi najichukia."

Kijana wa miwani alikuwa anatafsiri mbio mbio kwa sauti ya chini, na mzungu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Wale wanawake wawili waliokuwa hawatazamani sasa walikuwa wananitazama mimi, kwa pamoja.

Nimeulizwa mara nyingi nilihisi nini. Kwanza nilihisi aibu ya gauni. Mtu hapaswi kusikia kwamba ameachwa akiwa amevaa gauni la kuazima lenye maua mabegani. Kisha hasira ikaja, na ilikuwa kubwa, lakini kila nilipojaribu kuielekeza kwa yule bibi aliyekaa pembeni yangu iliteleza ikafuata ziwa hadi Kigoma. Nikakumbuka ule mwaka wote. Rozari ikienda mbio nilipolitaja jina la mwanawe. Ilikuwa hofu, na mimi niliisoma kama dharau.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unajua, na ukaniacha nimuwekee mwanao kipande cha nyama siku ya Noeli?"

"Nilikila mimi usiku wake."

"Nilidhani ni paka."

"Ni mimi."

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka puani, kibaya, na kikamwambukiza naye, na tukawa wanawake wawili wanaolia na kucheka bustanini Kinindo mbele ya watu wenye matatizo ya kweli. Yule mzee mwenye kovu alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

Baada ya nyama na fanta nilimfuata mzungu na kumweleza, kwa Kifaransa safari hii, tofauti kati ya kula na kuchukia. Nilimwomba msamaha kwa kumpotezea siku. Alinisikiliza, akawa mwekundu hadi shingoni, akacheka hadi akashika mti. Kisha akaniambia kwamba karani bado hajapatikana, na kama naweza kuanza Jumatatu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga chapa ripoti ya siku ile. Niliipiga mwenyewe, kwa vidole vyangu. Iliandikwa kwamba mabibi wawili kutoka pande zilizohasimiana walikutana kwa mara ya kwanza na kusameheana hadharani. Nilisimama hapo, nikaenda kumwuliza bosi pande gani zilizohasimiana. Akasema wafadhili hawafadhili mama wakwe. Nikarudi kwenye mashine nikaendelea.

Jioni ya ile Jumamosi, tuliporudi nyumbani, mama mkwe aliingia ndani akaanza kufunga sufuria zake ndani ya kitenge. Sikuwa hodari wa maneno. Nilimwambia tu maharage ya Jumatatu hayajachaguliwa mawe, na mimi naenda kazini, nani atayachagua.  Akakifungua kile kifurushi, akachukua ungo, akakaa mlangoni penye mwanga. Aliyachagua kwa ukali sana, akinung'unika kwamba nanunua maharage kama mtu asiye na macho.

Mwanawe alikuja barabara zilipofunguka. Ilikuwa saa sita mchana, watoto wako shuleni, mimi nimerudi nyumbani kuchukua karatasi niliyoisahau. Amenenepa, ana sanduku jipya na perfyumu. Mama ndiye aliyefungua mlango. Hakumkumbatia. Alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni, polepole, kama anayepima kitambaa.

"Karibu," akasema. "Lakini ujue hii ni nyumba ya huyu mama. Omba kwanza."

Akaomba. Sikumwacha asimame juani, nilimpa kiti na maji. Alikaa wiki mbili, akalala sebuleni, akatengeneza bati lililokuwa linavuja tangu mwaka alioondoka, akawazoea watoto na watoto wakamzoea, halafu akarudi kwa muuza vitumbua wake, ambaye nasikia ni mtu mwema. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake ajiandae, amekuja pia kumchukua, kuna chumba kule na upepo wa ziwa.

Mama mkwe alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Hakugeuka.

"Kigoma kuna nini?" akauliza. "Huko mi sijui mutu."

Tuliishi pamoja miaka mingine tisa. Nilipopata nyumba ya vyumba vitatu alijichagulia cha mbele, chenye dirisha kubwa, kabla sijaingiza hata kitanda, na mimi nikachukua cha nyuma kinachopata moshi wa jikoni.